Lori la Kumfuata Bibi

Kwetu Miyuji, Dodoma, hatukuwa na saa ya kuamsha watu. Tulikuwa na lori la Baba. Kila alfajiri Baba aliliwasha, akaliacha linaunguruma uani, kisha akaingia jikoni kunywa uji wa uwele. Liliunguruma mpaka amalize kikombe cha pili. Vyombo vilitetemeka kabatini. Majirani waliamka wakaanza kufagia. Mama alikuwa akisema amezaa watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyemsumbua kwa kelele kama lile gari. Lakini alisema hivyo huku anacheka.

Mimi ni Anitha, mtoto wao wa mwisho. Ninafundisha shule ya msingi na bado ninakaa nyumbani. Nimekua na mlio ule. Mwaka jana lori lilichoka kabisa, na Baba akaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku walipokuja kulivuta, hakutoka nje. Alikaa sebuleni akijifanya anatafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa. Asubuhi iliyofuata nyumba nzima tulichelewa kuamka. Nilifika shuleni kipindi cha kwanza kimeisha. Siwezi kuficha, niliukumbuka mlio ule mpaka nikalia.

Mwaka huu mwezi wa nane, Baba alinunua lori jipya. Viti vyake vilikuwa bado na nailoni. Na lilikuwa na kazi moja kubwa ya kwanza, nayo ni kumleta Bibi.

Bibi ni mama yake Mama. Anaishi peke yake Tukuyu, mbali sana, mbele ya Iringa na mbele ya Mbeya. Macho yake yamepungua nguvu. Mama alimbembeleza kwa miaka mingi aje kukaa nasi Dodoma. Mwishowe Bibi alikubali, ila kwa sharti. Angekuja na kitanda chake, kinu chake, na ng'ombe wake aitwaye Subira. Hakuna basi linalopakia ng'ombe, kwa hiyo lazima liende lori. Baba ni Mgogo, mtu wa mifugo. Alilielewa sharti la ng'ombe kabla Mama hajamaliza kulieleza.

Mwaka juzi tulikwenda kumchukua. Lori la zamani, lililokuwa linakula oili, likatufia njiani, pale Mtera, tukakwama siku mbili. Bibi alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Alipoona hatufiki, aliifungua yote. Akasema kwa simu kwamba Mungu hataki aondoke, na tumwache afie kwake. Tulimbembeleza tena hadi mwaka huu. Sasa kanisa lake lilikuwa limepanga kumuaga Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa.

"Methusela," Mama alimwambia Baba, "tukikwama tena, mama yangu hatakubali mara ya tatu."

Baba alichukua kitambaa, akatoka kwenda kufuta vioo vya lori.

Kwa wiki mbili Baba alilitunza lori lile kwa namna yake. Kila alfajiri aliliwasha, akaliacha linaunguruma uani saa nzima. Kisha alilipeleka Msalato tupu, polepole, kwa mwendo mmoja, akarudi. Jirani aliomba lisombe matofali machache. Baba alikataa. Alisema gari ni changa na hawezi kulibebesha mzigo. Sisi tuliona anafanya vizuri. Nani angemsahihisha mtu aliyeendesha malori miaka thelathini?

Siku moja Mama alikuwa anafagia uani. Chini ya ekzosi, lile bomba la moshi la lori, aliona matone meusi juu ya mchanga. Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akapima tena. Oili ilikuwa imepungua. Akakaa kwenye ngazi ya lori, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka.

"Jipya," alisema, "na limeshapata ugonjwa wa lile la zamani."

Safari ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Mama akanituma nikamwite Paskazia.

Paskazia ni jirani yetu, nyumba ya tatu. Ni fundi wa injini za dizeli. Alisomea chuo cha ufundi, kisha akafanya kazi miaka mingi kwenye malori ya ujenzi. Alikuja na ovaroli lake, akampa Baba shikamoo, akapima oili mwenyewe. Halafu akapitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. Kidole kilitoka cheusi na kimelowa.

"Mzee, asubuhi unaliwasha kwa muda gani?"

"Saa moja. Kama lile la zamani."

"Likiwa limesimama hapa?"

"Hapa hapa."

"Na limeshabeba mzigo gani?"

Baba akasema halijabeba hata debe moja. Paskazia akacheka kidogo, kwa heshima. Akatuambia tusiogope, kwa sababu injini haijafa wala haiumwi. Haijazoeshwa tu. Kisha akaeleza, na mimi nilisikiliza kama mwanafunzi.

Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka, alisema. Kila pistoni imevaa ringi za chuma, na kazi ya ringi ni kuziba nafasi ili oili isipite. Gari likiwa jipya, ringi hazijakaa sawasawa. Zinakaa kwa kufanya kazi.

"Ni kama viatu vipya," Paskazia alisema. "Ukivikalisha kabatini haviwezi kukuzoea. Ukipanda navyo mlima siku ya kwanza, vitakuchubua. Unavivaa kidogo kidogo."

Injini ikiunguruma muda mrefu gari limesimama, ringi hazisukumwi vya kutosha, na oili inapita kwenda kwenye ekzosi. Gari likiendeshwa tupu kila siku kwa mwendo ule ule, ni hivyo hivyo. Lakini kulipakia mzigo kamili au kulikimbiza kwa nguvu zote nako kunaumiza. Jipya linataka mzigo mdogo kwanza, mwendo wa wastani, na kubadilisha mwendo mara kwa mara.

Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Asubuhi nilikuwa naliacha hivyo kwa sababu nyingine pia. Nilitaka muusikie tena ule mlio."

Mama akaweka mkono begani kwake. Nilimpenda baba yangu kuliko siku zote.

Paskazia akauliza iko wapi karatasi ya maelekezo iliyokuja na gari. Baba aliitoa ndani ya Biblia. Alikuwa ameihifadhi vizuri, ila hakuwahi kuisoma. Baba alijifunza kusoma ukubwani. Hasomi haraka, lakini hakubali kusomewa. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma hadi mwisho. Ilichukua muda, nasi tukangoja. Yote aliyosema Paskazia yalikuwa yameandikwa pale.

"Karatasi ilikuwa inajua," Baba alisema, "na mimi nimeilaza kwenye Zaburi."

Kuanzia kesho yake mambo yalibadilika. Baba aliliwasha lori, akangoja dakika moja au mbili tu, akaondoka taratibu. Mara ya kwanza alibeba matofali ya yule jirani, machache. Alipofika Msalato alisimama kukaza nati za magurudumu, kwa sababu Paskazia alimwambia nati za gari jipya hulegea kidogo mwanzoni. Moja ilikuwa imelegea, ikazunguka kwenye spana kabla ya kukazika. Baba alirudi akitusimulia habari ya nati ile kama mtu aliyenusurika.

Kisha alikwenda Kondoa mara tatu, na magunia ya mashudu ya alizeti, nusu ya uwezo wa lori. Kwenye vilima alibadili gia mapema, hakulikamua. Breki alizikanyaga kwa upole, maana nazo zilikuwa mpya. Kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, alipima oili na maji ya rejeta. Safari ya pili oili ilipungua kidogo. Ya tatu haikupungua. Mdomo wa ekzosi ukawa mkavu. Paskazia akaandika kwa chaki ndani ya lori kilomita za kubadili oili ya kwanza, akamwambia asizipitishe.

Tuliondoka Ijumaa. Tulipopita Mtera, Mama alishika mkono wangu, akauachia tu tulipoanza kupanda kuelekea Iringa. Jumamosi jioni tulifika Tukuyu. Bibi hakuwa mlangoni. Zamani lori lilisikika tangu darajani, naye alikuwa anatoka kutungoja. Safari hii tulimkuta jikoni, ametugeuzia mgongo.

"Mmeingia kama wezi," alisema, akapapasa uso wa Mama kwa mikono miwili. "Gari liko wapi? Mbona halisemi?"

"Ni jipya, mama," Baba alijibu. "Bado linajifunza."

Jumapili wenzake kanisani waliimba, wakalia, wakamuaga. Jumatatu, kibali cha mifugo kikiwa tayari, tulipakia kitanda, kinu, na Subira juu ya majani makavu. Tulisafiri taratibu na kulala Iringa. Hatukukwama popote.

Sasa Bibi analala chumba kinachotazama ua. Baba bado anaamka alfajiri. Anapima oili, anarudi ndani kunywa uji, kisha anaondoka na lori kimyakimya, na nilidhani nitaanza kuchelewa shule tena. Sichelewi. Gizani kabla ya jua, Subira analia kwa sauti nzito akitaka kukamuliwa, na vyombo vinatetemeka kabatini. Majirani wanaamka na kufagia. Baba anacheka jikoni na kikombe chake cha uji.