Nani Anamaliza Betri?

Taa ilianza kufifia kabla mama hajamaliza kola ya pili. Aliendelea kukanyaga cherehani harakaharaka, lakini mwanga ukakatika.

"Tena leo!" aliguna.

"Mwizi nimeshamjua, mama," alisema bintiye, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku. "Ni kinyozi."

Kinyozi alikuwa amepanga chumba cha mbele, akiishi na kunyolea humo. Walikubaliana achaji mashine yake ya kunyolea kwa betri ya sola ya nyumba, mashine tu. Lakini Chiriku, kila akitoka shule, alimchungulia mlangoni. Aliona wateja wakimkabidhi simu, naye akizitia kwenye kisanduku na kufunika upesi.

"Anawachajia watu simu kwa umeme wetu. Nimeona kwa macho yangu haya."

Sare za shule ambazo mama aliwaahidi wazazi zilikuwa bado vipande vipande. Asubuhi alimwambia kinyozi kwamba anamaliza betri kwa simu za wateja, atafute chumba kingine.

Kinyozi hakugomba. Alianza kukunja vitambaa vyake, kisha akasita. "Sawa, dada. Ila nisiondoke na jina baya."

Alifungua kisanduku. Simu ya mteja aliyekuwa akisubiri kunyolewa ilikuwa imelala ndani, bila waya wowote. "Naziweka humu zisiingie nywele."

Masikio ya Chiriku yaliwaka moto, ila hakukubali kushindwa. "Basi umeme unakwenda wapi?" aliuliza, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Twende tuufuate."

Walifuata waya kutoka kwenye betri, ukapita dirishani, ukapanda paa la jiko. Kinyozi aliegemeza ngazi, akapanda, akaangua kicheko hadi ngazi ikatikisika.

"Godoro la nani hili, limelalia paneli ya sola?"

Chiriku alisogea karibu na ngazi. "Langu, mjomba." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. "Lina kunguni. Mwalimu alisema joto la jua huwaua. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nalilaza hapo, maana ndipo jua linapochoma sana."

"Umewachoma kunguni, ukainyima betri chakula!" kinyozi alisema kutoka ngazini.

Chiriku aliliteremsha godoro, akalianika uani. Kisha akamwendea kinyozi. "Nisamehe, mjomba. Nilikusingizia."

"Na mimi nisamehe, kaka," mama alisema. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Rudisha vitu vyako ndani."

Kinyozi alikubali kwa kichwa akitabasamu, akamwita mteja wake kitini.

Mama alimvuta bintiye karibu. "Mwanangu, joto la jua linaua kunguni. Mwanga wake, paneli inaugeuza kuwa umeme, betri inautunza, na jioni unarudi kuwa mwanga mezani kwangu. Ukiziba kule juu, huku chini hatupati kitu. Wewe uliona giza, ukatafuta mtu wa kumlaumu, na mimi nikakufuata. Kuanzia leo, kitu kikiharibika tutatafuta sababu kwanza. Ilibaki kidogo tumtoe mtu nyumbani kwake bila kosa."