Gathii Apanda Foklifti

Kila asubuhi Gathii alitoka kwake Matisi kwa miguu hadi kwenye ghala la mahindi mjini Kitale. Kwa miaka tisa alikuwa amebeba magunia kwa mgongo. Alikuwa mkubwa wa vibarua, na hakuna lori lililopakiwa bila yeye kusema.

Mwaka wa 2006 mwenye ghala, Bwana Daud, alinunua foklifti, mashine inayoinua mizigo kwa vyuma viwili virefu vya mbele. Dereva wake, Nasro, alitoka Bungoma. Cheti chake cha mafunzo kilibandikwa ofisini. Gathii alikitazama kila siku, na kila siku kilimkereketa.

"Ati mimi nimevunja mgongo hapa miaka tisa, halafu usukani anapewa mgeni?" alimlalamikia mkewe, Tabby.

"Si alisomea, Baba Wahu? Na nasikia anaiendesha vizuri sana."

Gathii aliisukuma sahani ya githeri. Hata mkewe anamsifu Nasro!

Kazini alimkodolea macho. Nasro alikagua magurudumu na breki kabla ya kuwasha. Alifunga mkanda. Alipiga honi kwenye kila kona.

"Maringo tu," Gathii alinung'unika. "Mimi ningemaliza lori hilo upesi mara mbili zaidi."

Ijumaa moja adhuhuri, Nasro alienda msikitini kuswali. Ufunguo aliuacha ofisini, kama kawaida. Gathii alimwambia karani, "Nasro ameniagiza ufunguo." Karani akampa.

Aliinua magunia ishirini juu kupita kichwa chake, ili kila mtu aone. Hakufunga mkanda. Akakanyaga mafuta. Vibarua walipiga makofi, na moyo wake ukafurahi.

Alipofika mlangoni alikata kona kwa kasi. Mashine iliinama upande. Gurudumu moja liliacha sakafu. Gathii akatoa mguu nje aruke.

"Usiruke! Shika usukani! Kaa ndani!"

Alikuwa Nasro, akirudi kutoka msikitini. Gathii aling'ang'ania usukani. Magunia yalimwagika kwa kishindo, na mashine ikarudi chini kwa magurudumu yote. Kibarua aitwaye Absalom alikuwa akifagia hapo. Gunia moja lilipasuka hatua moja tu kutoka miguuni pake.

Hakuna aliyepiga makofi.

Gathii aliketi kwenye gunia. "Sema tu," alimwambia Nasro. "Nicheke."

"Nicheke nini, Baba Wahu? Ungeruka, mashine ingekulalia. Wengi hufa hivyo. Mkanda ungekushikilia ndani."

"Lakini mbona ilitaka kupinduka? Mzigo haukuwa mzito."

"Uliubeba juu. Mzigo ukiwa juu, uzito unapanda nao na mashine inapinduka kwa urahisi. Ubebe chini, kimo cha kiganja tu kutoka sakafuni, na uulaze nyuma kidogo. Halafu kona ni polepole. Hii inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, si kama gari. Mzigo ukikuziba macho, endesha kinyumenyume. Na mtu asipite chini ya vyuma, hata kama viko tupu."

Gathii akasema, "Nilikuonea wivu. Nilimdanganya karani."

"Hayo mwambie Bwana Daud wewe mwenyewe."

Alienda. Bwana Daud alimsimamisha kazi wiki mbili. Pia aliagiza kwamba ufunguo usipewe mtu asiye na cheti. Gathii aliporudi, Nasro mwenyewe ndiye aliyemwombea apelekwe mafunzo. Kila jioni kabla ya kufunga ghala alimfanyisha mazoezi kwa paleti tupu, kichanja cha mbao cha kupangia magunia. Gathii alijifunza hata kuegesha: vyuma vishushwe hadi sakafuni, breki ivutwe, ufunguo utolewe. Mwishowe alipata cheti chake.

Msimu wa mavuno ulipofika, malori yalipanga foleni hadi barabarani. Gathii alikuwa akileta mzigo wakati mkulima mmoja, Mama Rispah, alipokimbia mbele yake kuokota leso yake. Gathii alikuwa akienda polepole, mzigo chini. Alipiga honi, akasimama papo hapo.

"Woi! Ningekufa!" mama huyo alisema, akishika kifua. "Wewe unaendesha vizuri, bana. Nani alikufundisha?"

Vibarua wote walikuwa wakisikiliza. Gathii alinyoosha mkono kuelekea upande wa pili wa ghala.

"Yule mama pale," alisema kwa sauti kubwa. "Anaitwa Nasro."