Mshale Uliosimama Kwenye Nane

Saulo alikutwa amekufa chini ya meza yake ya kukagulia taa, mjini Mbeya, kisogo kimepasuka, penseli bado iko nyuma ya sikio. Kando yake ilianguka fimbo ya chuma ya futi tatu, ile aliyopimia umbali kati ya taa na kipimo. Ilikuwa saa sita mchana, Jumanne, mwaka 1956, lakini chumba kilikuwa giza. Madirisha yalizibwa kwa mbao ili mwanga wa taa upimwe peke yake.

Inspekta Asukile alifungua dirisha moja. Mezani hapakuwa na taa. Palikuwa na kipimo cha mwanga tu, kidude cha kuenea kiganjani, chenye jicho la kioo na mshale. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheusi.

Alikiinua kitambaa kwa ncha ya kalamu. Jicho la kioo lilikuwa na matone ya damu. Upande wa juu wa kitambaa haukuwa na hata doa moja.

"Koplo, kilifunikwa kabla marehemu hajapigwa, au baada?"

Koplo Danieli aliinama. "Damu iko chini ya kitambaa, afande. Ni baada."

"Basi aliyekifunika si Saulo."

Mshale wenyewe haukucheza. Mtu alikuwa ameubana kwa kitufe cha pembeni, umesimama kwenye nane.

Mkuu wa kituo, Mzungu mwenye haraka zake, hakutaka habari za vitambaa. Muuaji alishampata: Ezekia mfagiaji, mikono imejaa damu, na jana yake alizabwa kofi na Saulo mbele za watu. Ijumaa angepelekwa kwa hakimu, na kosa hilo adhabu yake ni kitanzi. Mkewe, Yudith, alikuwa ameketi nje ya kituo na mtoto mgongoni, hali, hanywi.

"Ulimgusa?" Asukile alimwuliza Ezekia.

"Nilimwinua, bwana. Nilidhani anapumua."

"Na kipimo?"

"Mwe! Ile mashine mimi siigusagi. Bwana Saulo alisema inakamata mtu kama umeme."

Alisema kweli. Asukile aliona jinsi mtu huyo alivyorudi nyuma hata kwa kukitaja tu. Mwoga wa namna hiyo asingekaa akitandaza kitambaa, maiti iko miguuni pake.

Kabla ya kuondoka alipekua daftari la Saulo. Taa thelathini na moja za zahanati, na kila moja imeandikwa ishirini, kiwango cha mwanga kinachotakiwa. Wino mmoja, tarehe moja. Asukile alikasirika hadi masikio yakamchemka. Saulo hakuwahi kuzipima. Aliandika tu.

Jumatano aliwasili Iringa, alikofundishwa Saulo kazi ya kipimo. Mwalimu Crispin, fundi wa vipimo, alimwonyesha kipimo pacha cha kile cha Mbeya.

"Jicho hili likikaa kwenye mwanga mkali huchoka," alisema, "na likichoka hudanganya. Kwa hiyo kabla hujakiweka mezani, kabla hujaitika hata salamu, unafunika. Aliyesahau nilimtoa nje."

"Umewafundisha wangapi?"

"Wawili tu. Saulo, na mkunga mmoja wa upande wa Rujewa, Evarista. Huyo alikuja mwenyewe kuniomba, mwezi mmoja baada ya kumzika mdogo wake."

Asukile aliazima kile kipimo pacha.

Alhamisi asubuhi alimkuta Evarista akianika mashuka nyuma ya zahanati, katikati ya mashamba ya mpunga. Mwanamke wa Kihehe, mtulivu, rozari shingoni.

"Kamwene, dada. Naomba msaada. Kidude hiki husomwaje?"

Evarista alifuta mikono, akakipokea, akaingia naye ndani, akakielekeza dirishani, akasoma. Kisha alivua kitambaa chake cha kichwani, akakifunika, ndipo akakiweka mezani.

"Arobaini na mbili," alisema.

"Mbona umekifunika?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mlifundishwa wawili. Mmoja amekufa juzi, na kipimo chake kilifunikwa baada ya kufa."

Evarista alikaa chini polepole. Juu ya rafu ilikuwepo karabai moja, kuukuu. Asukile aliiwasha, akafunga madirisha ya chumba, akahesabu futi tatu. Mshale ulipanda hadi nane.

"Taa hii ilikuwa Mbeya Jumanne?"

"Niliibeba mwenyewe."

"Mbona ukairudisha?"

"Wodi haina nyingine. Kulikuwa na mama anaumwa uchungu."

"Eleza yote."

"Mdogo wangu Lea alijifungulia mikononi mwangu. Taa hiyo inawaka nyekundu, na blanketi lilikuwa jekundu. Sikuiona damu, Inspekta. Niliisikia ikidondoka sakafuni, na hapo alishapoa." Alikaza midomo. "Taa hiyo Saulo aliiandikia ishirini. Nikaenda nayo, nikamwambia pima mbele yangu. Ikaja nane. Nikakitwaa kipimo, nikaubana mshale asije akakana. Nikamwambia andika nane."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema daftari limeshafungwa, na wanawake hufa hata juani. Akageuka kuchukua kofia. Fimbo ilikuwa mezani."

"Ulijua kuna mtu amekamatwa kwa ajili yako?"

Alimkazia macho. "Nani?"

"Mfagiaji. Ijumaa anapelekwa kwa hakimu, na mkewe yuko nje ya kituo siku ya tatu leo."

Evarista aliingia wodini, akamwelekeza msaidizi wake dawa zilipo, akatoka na shuka moja begani. "Twende. Tusichelewe hiyo Ijumaa."

Walifika Mbeya jua likizama. Ezekia alifunguliwa pingu. Yudith alimpapasa uso, akaufuta kwa kanga, akalia kwa sauti bila kujali askari.

Mkuu wa kituo alikichukua kipimo cha marehemu, akakigeuza, kidole gumba kikakaribia kitufe.

"Usibonyeze!"

Ilikuwa mara ya kwanza Evarista kupaza sauti. Mshale ungeanguka, na kila kitu kingeanguka nao. Asukile alikitoa kipimo mkononi mwa mkubwa wake bila kuomba radhi, akakiweka mezani kimefunikwa.

Kisha alichukua karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa, akachovya kalamu.

"Nianzie wapi, dada? Jina?"

"Andika nane kwanza," alisema Evarista. "Jina langu litafuata."

Asukile akaandika nane.