Kaniki ya Mwali wa Kurui

Jua lilikuwa linazama Kibaha pale Stellamaris alipotumwa kwenye friza kuitoa kaniki.

Ilikuwa kazi ya kawaida. Katika ile nyumba ndogo ya makumbusho, kila nguo kuukuu ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni na kugandishwa wiki mbili, wadudu wafe na mayai yao. Ikitoka haifunguliwi mpaka kesho yake, isishike unyevu. Lakini wageni walikuwa wanakuja asubuhi.

"Fungua leo leo, ulivalishe lile sanamu la kwenye kabati la kioo," alisema Madam Elinipa, msimamizi, pochi iko begani tayari. "Kesho mambo yakienda vizuri, Januari unarudi shule. Nimeshaongea na mkuu wa shule."

Stellamaris aliishia kidato cha pili, baba yake alipohamishia ng'ombe Magindu. Kwa neno lile angevalisha masanamu mia.

"Madam... na yale ya Bibi Shamsia?"

Bibi Shamsia ndiye aliyewapa kaniki ile, kule Kurui, Kisarawe. Ilikuwa ya dada yake, mwali aliyefia ndani kabla ya kutolewa. Aliwaambia wazi: mwali hatolewi kimya kimya. Apigiwe ngoma, apigiwe vigelegele, abebwe mabegani. Akisimamishwa mbele za watu bila hayo, atatafuta pa kutokea mwenyewe.

Madam, mtu wa Upareni, alicheka. "Sisi tunatoa nguo, mwanangu. Na wewe Msukuma mzima, mwali wa Kizaramo unamwogopea nini?"

Akaondoka. Geti likalia.

Mfuko ulikuwa wa baridi kama jiwe. Lakini kwa ndani...

Kwa ndani ulikuwa na ukungu. Sehemu moja tu, ndogo, kama mtu anapumulia kioo.

Ukapotea. Ukarudi. Ukapotea.

Stellamaris akaufungua. Harufu ya mafuta ya nyonyo ikampiga usoni, mabichi, kama yamepakwa sasa hivi. Akavaa glavu, akalizungushia sanamu ile kaniki, akaikunja juu ya kifua. Sanamu halikuwa na kichwa. Kifua chake kilikuwa pamba tupu.

Pamba ile ilikuwa na joto.

"Dada..."

Sauti ndogo ya kike, kutoka ndani ya kaniki.

"Dada, wamekuja?"

"Nani?" alinong'ona.

"Wa kunitoa."

Alijua la kufanya. Namba ya Bibi Shamsia ilikuwa kwenye daftari, mezani pale. Angeivua kaniki, akampigia bibi aje na watu wake. Kesho kabati la kioo lingekuwa tupu, Madam angeaibika mbele ya wageni, na shule ingekwisha hapo hapo.



"Wapo nje," alisema. "Wanakusubiri. Toka tu."



Kisha kitu chepesi kikampita begani, kama mtu anayekimbilia mlangoni, na harufu ikakata. Akafunga kabati, akatoka mbio.

Asubuhi wageni walipiga makofi kidogo, wakapiga picha, wakanywa soda. Kaniki ilining'inia tu, nguo kama nguo nyingine. Madam Elinipa alifurahi mno. Na ahadi yake aliitimiza.

Januari Stellamaris alikaa dawati la mbele, sare mpya, daftari jipya. Mwalimu Silvanus akaanza kuita majina. Alipofika kwake, Stellamaris akavuta pumzi ajibu.

"Nipo!"

Sauti ilitoka mdomoni mwake. Ndogo, ya furaha, ile ile iliyomwita dada. Hakuwa yeye aliyejibu.

"Umechangamka leo," mwalimu akasema, na darasa likacheka.

Si mimi, mwalimu. Alitaka kusema hivyo. Midomo haikufunguka. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na ndani mwake tu ndimo zilimosikika.

Mwalimu akageukia ubaoni. Mkono wa Stellamaris ukainuka wenyewe, ukaichukua kalamu, ukaigeuzageuza. Ukaikamata kwa ngumi, kama mkono ambao haujawahi kufundishwa kuandika.