Meno ya Mgombea

Kila asubuhi Inspekta alichovya mkate kwenye chai, akahesabu hadi tatu, akautoa kabla haujakatika. Leo alikuwa amefika mbili simu ilipolia. Mkate ukazama.

"Afande, njoo haraka! Mgombea udiwani ameibiwa meno!"

Nusu saa baadaye alikuwa chumbani kwa mgombea. Juu ya kimeza cha kando ya kitanda palibaki duara la maji tu. Mgombea, mkono mdomoni, aliandika kwenye karatasi: MKUTANO WA MWISHO SAA NANE. BILA MENO SIENDI.

"Alikuwa ameyaweka wapi?"

"Kwenye glasi ya maji," mkewe alijibu kwa niaba yake. "Na glasi nayo haipo."

Konstebo alinyunyiza unga wa kutafutia alama za vidole, akapiga chafya, unga wote ukamrudia usoni.

Inspekta akaanza na meneja wa kampeni.

"Nani atanufaika na wizi huu?"

"Afande, siku hizi tovuti za kubashiri zinapokea madau hata ya uchaguzi. Mtaa mzima umecheza."

"Na wewe?"

"Kidogo tu."

"Ulimwekea nani?"

Meneja alitazama dari. "Mpinzani."

"Si wewe ndiye meneja wake?"

"Ndiyo maana naijua hali halisi."

Dereva naye alikuwa amemwekea mpinzani. Shemeji mtu vilevile. Inspekta alipogeuka, alimwona konstebo akisukumiza simu mfukoni.

"Hata wewe?"

"Niliweka kabla ya kesi, afande."

"Kwenye mpira angalau huwezi kumwibia golikipa mikono," Inspekta alifoka. "Huku kila aliyeweka dau ana sababu ya kumziba mtu mdomo. Mchezo huu upigwe marufuku!"

Akakirudia kile kimeza. Adui angeyachukua meno akayatupe chooni. Huyu aliyabeba na maji yake, yasikauke.

"Mama, naomba simu yako."

Mke wa mgombea akaitoa bila ubishi. Mkeka wake wa kubashiri ulikuwa na jina moja, la mumewe. Nyumba nzima, ni yeye peke yake aliyemwekea.

"Umemwekea ashinde, halafu ukamwibia meno?"

Mama alifungua kabati, akatoa glasi nyuma ya mashuka. Maji yalikuwa safi, ya asubuhi ile.

"Nilimwekea kwa sababu sikuona mwingine aliyemwekea."

Mgombea akashika kalamu: KWA NINI UMENIFICHIA?

Mkewe akamnyang'anya karatasi.

"Baba watoto, hii ni mara ya nne. Wanakula kwako, wanakuita mheshimiwa, wakifika getini wanabashiri utaanguka. Jana niliwasikia wakicheka. Nikasema leo hupandi jukwaani uchekwe na kuwekewa dau kama jogoo wa kupiganishwa. Mimi sitaki diwani. Nataka mume wangu arudi nyumbani, hata akiwa kibogoyo."