Upinde Afunga Daftari

Upinde alikuwa hatulii. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akanywa maji bila kiu. Mkononi alishika daftari la biolojia. Aliitwa Upinde kwa sababu daftari lake lilikuwa na rangi zote za upinde wa mvua. Kila mstari ulipakwa rangi. Hata tarehe.

"Keti, mwanangu, unanizungusha kichwa," alisema baba yake, fundi bomba.

"Baba, mtihani ni Ijumaa! Nikipata chini ya hamsini, naondolewa darasa la sayansi. Na juzi nilipata thelathini na moja."

"Mbona unasoma kutwa?"

"Sura ya moyo nimeisoma mara tisa!"

Jirani alipiga hodi. Alifanya kazi maabara ya zahanati, na mtaa mzima ulimwita Mama Darubini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daftari zuri hilo! Lifunge. Nichoree moyo."

Upinde alichora, akafuta, akachora tena.

"Hiki ni kiazi, mwanangu," Mama Darubini alisema. "Tena kina mizizi."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Upinde nusura alie.

"Sikiliza. Daftari likiwa wazi, macho yanalizoea, nawe unadhani umeelewa. Lifunge. Chora bila kutazama. Mweleze mtu asiyejua. Ukikwama, fungua, soma hapo tu, funga. Kesho rudia."

"Nimweleze nani?"

Wote wawili wakamtazama baba.

"Mimi? Mimi na biolojia wapi na wapi!"

Lakini aliketi. Upinde akaeleza huku akitembea: damu huingia upande wa kulia wa moyo, husukumwa mapafuni kuchukua oksijeni, hurudi upande wa kushoto, husukumwa mwilini.

"Ngoja," baba alisema. "Nini kinaizuia isirudi nyuma?"

Jibu Upinde alilipaka njano, lakini kichwani halikuwemo. Akafungua daftari. "Vali!"

"Ala! Hata mabomba yangu yana vali. Kumbe tunajuana!" Baba akachungulia picha. "Na ukuta wa kushoto mbona mnene hivi?"

Upinde akakwama tena, akasoma, akafunga. "Unasukuma damu mwili mzima. Wa kulia unaipeleka mapafuni tu, hapo jirani."

Wakafanya hivyo siku nne mfululizo. Baba aliuliza, Upinde alikwama, kisha kukwama kukapungua.

Matokeo yakatoka: hamsini na nane. Si namba ya kupigiwa vigelegele, lakini alibaki darasa la sayansi.

Siku hiyo aliingia nyumbani mbio, akamvutia baba yake kiti.

"Keti, baba. Leo figo."

"Hata viatu hujavua!"

"Nitavua ukishaelewa."