Kamera Iliyojizima

Kila Jumamosi asubuhi, Kidoti alimsaidia shangazi yake kupangusa lenzi kwa kitambaa laini. Shangazi alikuwa mpiga picha, na kamera zake mbili, ingawa zilitengenezwa kwa ajili ya picha za mnato, ndizo alizorekodia video pia. Kidoti, msichana wa miaka kumi na miwili, alizijua lenzi zote: ile fupi inayoona chumba kizima, na ile ndefu inayomvuta mtu wa mbali hadi ukahesabu kope zake.

Jumamosi moja walikwenda zahanati. Mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa alikuwa akistaafu, na mchana huohuo angeondoka kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali sana. Wauguzi walitaka maneno yake ya kuaga yahifadhiwe.

Shangazi alisimika kamera moja kwenye stendi mbele ya mkunga.

"Mimi nitazunguka na lenzi ndefu kutafuta nyuso za watu. Hii nakuachia wewe. Ikirekodi sana hupata joto, ikajizima yenyewe. Ukiona nukta nyekundu imepotea, niite upesi. Usibandue macho, sawa?"

"Sawa, shangazi."

Mkunga alianza kuzungumza. Zikapita dakika tano, kumi. Mara rafiki yake Kidoti akamwashiria kutoka mlangoni, aje aone viatu vyake vipya. "Naenda mara moja tu," Kidoti alijiambia. Huko nje soga likanoga. Aliporudi, watu walikuwa wakipiga makofi na nukta haikuwepo. Kamera ilikuwa ya moto kama pasi.

"Vipi, imetoka vizuri?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo," Kidoti alijibu, akiangalia sakafu.

Watu wakaanza kula. Nje, mabegi ya mkunga yalikuwa yakipakiwa garini. Kidoti alishika sahani bila kula, akiyatazama mabegi. Alipomwona mkunga akivaa koti, aliiweka sahani chini akamkimbilia shangazi.

"Shangazi, nimekudanganya. Niliondoka, na kamera ikajizima."

"Lo! Kidoti!" Uso wa shangazi ulimwiva kwa hasira. Alimshika mkono, akampeleka hadi kwa mkunga. "Haya, mwambie mwenyewe."

Kidoti alieleza huku machozi yakimtiririka. Mkunga alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hata ulipozaliwa ulinichelewesha, wewe! Njoo, mjukuu wangu. Dereva atasubiri."

Alivua koti, akaketi kwenye kitanda cha wodi ya wazazi, karibu na dirisha. Shangazi aliisimika tena kamera, iliyokuwa imeshapoa. Safari hii mkunga hakuhutubia. Alisimulia taratibu jinsi mama yake Kidoti alivyoletwa kwa mkokoteni, mvua ikinyesha, na jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa, maana ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi pale. Wauguzi walikuja mmoja mmoja, wakasimama kusikiliza. Kidoti hakutikisika nyuma ya kamera hadi neno la mwisho.

Gari lilipoondoka, shangazi alikunja stendi.

"Nimekasirika, sikufichi. Kazi niliyokukabidhi uliitupa, na wiki ijayo kamera hutaigusa. Lakini ungeninyamazia hadi jioni, tungempata wapi yule mama? Ukikosea, sema mapema, mwanangu, wakati bado kuna la kufanya. Ukificha, hata anayetaka kukusaidia unamfunga mikono."

"Nimekuelewa, shangazi," Kidoti alisema, akaibeba stendi.